Neno la Kwenye Fomu

Jumanne, jioni

Eti nimemdharau daktari! Nilikataa tu kulitafsiri neno lake palepale aliponiamuru.

Kazi yangu pale kliniki ya Kamwokya ni kuwatafsiria Wakongo wenzangu. Leo aliingia mama mmoja wa Bukavu, alijifungua wiki tatu zilizopita, bado anatoka damu nyingi. Mama mkwe wake alikaa pembeni amempakata mtoto. Daktari akasoma fomu kwa Kiingereza: koitasi ya mwisho ilikuwa lini? Akanigeukia. "Tafsiri."

Kwetu swali hilo haliulizwi mkwe akisikia. Mwaka jana nilimuuliza mgonjwa mwingine, koitasi nikaiita "tendo la ndoa", maneno safi ya kitabuni, naye akajibu hajaguswa. Mkwe alikuwa ameketi papo hapo. Tulimrudisha nyumbani na dawa zisizo zake. Kosa lile bado linaniuma.

Kwa hiyo leo nilisimama, nikamwambia mkwe: "Mama, tafadhali mtoe mtoto nje apate hewa." Daktari akafoka kwamba foleni ni ndefu. Nikamwambia foleni itangoja.

Mlango ulipofungwa, nikamuuliza kama wanawake tunavyoulizana tukiwa tunafua: "Dada, bwana yako amelala na wewe tangu uzae?"

Akalia. "Kila siku. Nikikataa, mama yake ananigombeza."

Kesho nimeitwa ofisini kujieleza. Naogopa, kazi hii ndiyo inayotulisha. Lakini nitajieleza kwa Kiswahili, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Wao watafute mkalimani.