Mikono Nyuma, Kaka

Kaka yangu mpendwa,

Ninakuandikia kwenye kompyuta yako, ile yenye kioo kilichopasuka kwenye kona. Umeme umekatika tangu mchana na betri imezeeka, kwa hiyo nitaanza na kilichonileta. Jumamosi hii ni sikukuu ya parokia kule Mudzipela. Meza yetu ya kufundishia kompyuta imewekewa nafasi ukumbini, karibu na mlango, kama zamani. Bahati wa kikundi chako anasema nisipokuja kuishika hakuna mwingine, na parokia itawapa nafasi hiyo watu wanaouza simu, na wakishaizoea hawataiachia tena. Mama amekataa. Mimi mwenyewe sijui ninataka nini. Wewe ndiye uliyeianzisha meza ile, na wewe haupo.

Wengi waliokuja kukuzika walijua tu kwamba ulikuwa mtu wa makompyuta. Walikuona katika kibanda chako cha kuchapa karatasi, basi. Hawakujua kwa nini Jumamosi ulifunga kibanda siku ambayo wenzako walikuwa wanapata wateja. Mimi nilijua, kwa sababu nilikuwa nyuma yako na mfuko wa jinzi uliojaa flashi na waya. Uliziona zile kompyuta kuukuu zinazotoka Uganda na kutufikia juu ya malori ya mpakani Mahagi, zimejaa virusi na programu za wizi, zinawafia wanafunzi kabla hawajamaliza kuandika kazi yao ya mwisho. Ukasema kuna programu ambazo wenyewe waliozitengeneza wameziacha wazi. Uitumie, umpe jirani, uifungue uone ilivyoundwa, uirekebishe ukiweza. Uliyasema hayo nyuma ya meza yako kwenye viwanja vya shule, sokoni, kwenye kumbi za makanisa, kwa sauti ile ile, hata pale waliokusikiliza walipokuwa watu wawili na mbuzi.

Unamkumbuka yule mfanyabiashara wa kutoka Butembo, mwenye kofia? Alisimama mbele ya meza, akaigonga kwa funguo zake, akasema kitu ambacho mtu haombi franga, kitu cha bure, iko na shida ndani.

"Papa," ukamuuliza, "ile programu uko nayo sasa, ulilipa kwa nani?"

Wanawake wa soko, wale wanaomuuzia vitenge, walicheka hadi wakashikana mabega. Naye alicheka. Jioni alirudi na mashine yake chini ya kwapa, imefungwa kwa kitenge kama mtoto.

Lakini kitu kilichoitofautisha meza yako na meza za wengine ni ile sheria yako. Hakuna mmoja wetu aliyeruhusiwa kugusa kompyuta ya mtu. Tuliomwonyesha mtu kazi tulisimama kando yake, mikono nyuma ya mgongo kama watoto wa shule waliopewa adhabu, na yeye mwenyewe akabonyeza, akakosea, akarudia. Ulisema mtu akitengenezewa mashine yake, ataondoka na mashine nzima na woga ule ule aliokuja nao.

Sitasahau siku ya Mama Georgine, yule anayeuza samaki wa moshi kutoka Tchomia, ziwani. Alitaka kuandika jina la kibanda chake ili alibandike ukutani. Alitafuta kila herufi kwa kidole kimoja, akainama karibu na vibonye kama anayechambua mchele. Foleni ilianza kunung'unika. Kijana mmoja akauliza kama huyu mama anaandika Biblia yote. Nami nikanyoosha mkono ili nimalizie.

"Mikono nyuma, Mudogo," ukaniambia bila kunitazama. "Vidole ni yake. Acha atafute."

Alitafuta. Alipomaliza alifunika mdomo kwa ncha ya kitenge, akabaki hivyo, akiangalia. Ile karatasi bado iko kwenye kibanda chake, imekuwa ya rangi ya chai kwa moshi. Nikikaribia pale huwa ninabadili njia.

Kisha ikaja Jumamosi yako ya mwisho. Ulikuwa na homa. Mama alisimama mlangoni akakuambia ubaki, ukamwambia utakunywa dawa ukirudi, kwamba katekista fulani anatoka mbali na mashine yake. Nilikuona ukitetemeka ndani ya jaketi huku ukimweleza yule katekista namna ya kuhifadhi kazi, mikono yako nyuma, mmoja umeushika mwingine ili isionekane inavyocheza. Wiki iliyofuata hukuimaliza. Tangu hapo Mama ana sentensi moja tu. "Ile makompyuta yenu ndiyo ilimukula." Daktari alisema jambo lingine, la damu na la kuchelewa, lakini aliyekuzaa ni Mama, si daktari.

Sasa nikuambie jambo ambalo huwezi kulijua, kwa sababu ulikuwa umelala chumbani ndani ya sanduku na wamama walikuwa wanakuimbia.

Kesho yake ilikuwa mazishi, na ilibidi ipatikane ile karatasi ya ibada yenye picha yako, jina lako, miaka yako na nyimbo. Wajomba walikuwa nje chini ya hema wakiuliza iko wapi. Mtu wa pikipiki alikuwa anangoja kuipeleka kuchapwa. Walinikalisha mbele ya kompyuta hii hii, kwa kuwa mimi ndiye niliyejua picha zako ziko wapi. Niliweka vidole juu ya vibonye na sikuona kitu. Niliandika herufi ya kwanza ya jina lako mara nyingi mfululizo, kama anayesukuma mlango uliokwama, nikazifuta, zikaja tena.

Nilisema, "Bahati, kamata. Siwezi."

Bahati, uliyemfundisha wewe, aliyekula kwetu miaka yote ile, alitingisha kichwa. "Hapana. Weye mwenyewe. Siye tuko hapa."

Niligeuka. Walikuwa wamesimama nyuma yangu, kikundi chote, na Mama Georgine katikati yao, wameweka mikono nyuma. Wote. Kama kwenye meza.

Kaka, niliwachukia. Sikujua kwamba mtu anaweza kuchukia namna ile huku analia. Nilifikiri, hawa wamejifunza sheria kama kasuku, hawakujua iliwekwa kwa ajili ya nani, na leo wanaileta kwenye matanga. Mtu anazama na wao wanangoja ajifunze kuogelea. Mjomba akaingia, akauliza kwa nini mtoto anaachwa peke yake na kazi kama hii. Niliandika jina lako. Niliandika mwaka wako wa kuzaliwa, huo haukunisumbua. Nikaweka mstari mfupi. Kisha ukabaki ule mwaka mwingine. Ni vibonye vinne tu, Kaka. Nilivitazama hadi wimbo wa chumbani ukaisha na mwingine ukaanza. Nikavibonyeza.

Tangu siku hiyo sijasalimiana na Bahati. Tukikutana njiani ninajifanya ninasoma simu. Alikuja Jumatatu, akaegesha pikipiki nje ya ua, akaeleza habari ya parokia. Mama alimjibu kabla yangu, akiwa anatwanga majani ya muhogo ya sombe, bila kusimamisha mchi. Alimwambia walikwisha kumchukua mmoja, na huyu aliyebaki ni wake. Bahati alikubali kwa kichwa. Alipofika kwenye pikipiki alinigeukia.

"Siku ile tulifikiri ndiyo kukuheshimia," akasema. "Labda tulikosa, dada. Mi siko najua. Kaka angejua."

Hilo lilikuwa ndilo jibu langu pia. Wewe ungejua. Ungeniambia kama ulikuwa unataka sheria yako ifike hadi pale, au kama ungewacheka wote, ukawaambia acheni ujinga, musaidieni dada yangu.

Usiku huo huo niliitoa ile karatasi ndani ya Biblia ya Mama. Sikuwa nimeitazama tangu makaburini. Kati ya majina yako mawili kuna nafasi kubwa mno, nilibonyeza zaidi ya inavyotakiwa na hakuna aliyeirekebisha. Bahati angeifanya vizuri. Ingekuwa safi, iliyonyooka, na ingekuwa ya Bahati. Hii yenye pengo ni yangu, ndiyo iliyopita mikononi mwa watu wote, ndiyo waliyoifumbata wakati udongo unaingia. Usidhani ninasema imenifariji. Ninasema tu kwamba mara ya mwisho jina lako lilipoandikwa juu ya karatasi, liliandikwa na mtu wa damu yako, na kwamba ilitokea hivyo kwa sababu watu fulani walivumilia kuchukiwa. Bado sijawasamehe. Ninawaelewa kidogo, na hiyo inanichosha kuliko chuki.

Nyumba yetu imekuwa ya watu wanaozungumza kwa kuweka vitu mezani. Mama anaweka sahani iliyojaa, mimi ninaweka sahani tupu. Mfuko wako wa jinzi ulikuwa umetupwa nyuma ya jiko tangu mazishi, na vumbi jekundu la barabara bado ndani ya mishono. Mama alisema siku moja atauwashia moto. Sikumpinga. Nilitoa flashi na waya, nikavificha chini ya godoro, nikauacha.

Leo asubuhi nilitoka kuchota maji, nikaukuta kwenye kamba. Umefuliwa. Ule mkanda uliokuwa umekatika, uliokuwa unaufunga fundo kila Jumamosi, umeshonwa kwa uzi mweusi, ule uliobaki kwenye kushona nguo zake za matanga. Mama alikuwa jikoni, amenipa mgongo. Nilitua ndoo, nikasimama pale. Nilitaka kumuuliza kama hiyo ni ruhusa. Nilitaka kumwambia kwamba ningeufua mimi, au ningesaidia hata kuukamua. Mikono yangu ilikuwa imekwisha kwenda nyuma yenyewe, Kaka. Nikaiacha huko. Nikamwacha amalize alichokuwa anafanya.

Mvua imetishia siku nzima na mfuko haujakauka. Nitauacha kambani hadi Jumamosi.

Betri inazima. Lala, Kaka, huku tunatafuta herufi.

Mimi mdogo wako, uliyemwita Mudogo.