Nimepanda Treni ya Severini

Mang'ula, Jumapili jioni, Aprili 1995. Mvua haijakatika tangu alfajiri, na nguo zangu zimelowa mpaka fulana. Moyo wangu, hata hivyo, mweupe.

Leo nimepanda treni ya dizeli. Mimi, niliyeapa kutoipanda.

Imekuwa hivi. Binti yetu Adela alijifungua juzi hapa Mang'ula, mtoto wake wa kwanza. Asubuhi tukasikia barabara imekatika Kiberege, mabasi yamezama kwenye tope. Nikasema tusubiri maji yapungue. Mke wangu hakubishana. Alijitwisha kikapu cha mchele na vitenge, akashika njia ya stesheni ya Ifakara.

"Ukitaka kumwona mjukuu, treni ndiyo hiyo," akasema. "Usipotaka, wali uko jikoni."

Nikamfuata.

Tangu niache kazi ya reli, miaka kumi na minne sasa, sikuwahi kupanda treni. Kule kijijini kwetu Lumemo kila mtu anaijua sababu: Mzee Kasiani alikuwa dereva wa vichwa vya treni vya moshi, dizeli ilipokuja akakataa kuigusa, akarudi kulima mpunga. Wananiheshimu kwa hilo. Wameisimulia hadithi hiyo mpaka nami nikaanza kuiamini.

Sikukataa. Nilifeli.

Walitupeleka kozi ya dizeli, mimi na Severini, mchochea moto wangu. Darasani ni michoro ya nyaya za umeme, maelezo yote Kiingereza. Mimi kichwa changu cha moshi nilikijua kwa masikio. Kikipanda milima baada ya Kilosa, mabehewa yamejaa, kilihema, na nilijua pumzi ipi ni ya kuchoka na ipi ni ya ubishi tu. Nilikipenda, sioni aibu kuandika. Lakini hayo hayakuulizwa kwenye mtihani.

Severini akafaulu. Barua yangu ya matokeo niliitupa motoni, ndani ya kichwa chetu, kwenye safari yetu ya mwisho. Aliona, akaendelea kuchochea. Nilimwita msaliti, na kwenye harusi yake sikwenda.

Leo pale Ifakara, dereva ameshuka kukagua magurudumu kwenye mvua. Mtu mnene, mvi zimemjaa. Akanitazama dirishani, akavua kofia.

"Shikamoo, mwalimu."

Ni Severini. Sikujua kwamba alihamia reli hii ya huku. Nikaitika marahaba kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri.

Jirani yetu mmoja wa Lumemo akadakia, "Dereva, mzee huyu aliwakatalia dizeli zenu!"

Severini angeweza kunivua nguo palepale, mbele ya mke wangu na behewa zima. Akafuta maji usoni.

"Huyu ndiye aliyenifundisha mlima," akasema. "Bila yeye nisingefika kwenye dizeli."

Akaenda zake mbele.

Njia nzima nilisikiliza. Dizeli inanguruma sauti moja tu, kupanda na kushuka. Ila kila kituo alisimama taratibu, hata uji wa mama aliyekaa mbele yangu haukumwagika. Kusimama vile nilimfundisha mimi. Macho yakanijaa machozi, nikasingizia moshi.

"Moshi upi, Baba Adela?" mke wangu akauliza.

Basi nikamwambia yote: mtihani, barua, harusi. Hakuwa anajua.

"Miaka yote hii unakula vumbi la mabasi kwa ajili ya hilo?" akasema. Kisha, kwa upole, "Tukifika, kamwombe radhi."

Treni haikai sana Mang'ula. Nimekimbia mpaka kwenye kichwa, nikitumbukia madimbwi kama mtoto.

"Severini, nilikukosea."

"Mzee, hayo yalishapita." Akainama dirishani. "Ila kuna jambo linanisumbua mpaka leo. Kule mlimani ulikuwa unamwaga mchanga kwenye reli kabla magurudumu hayajaanza kuteleza. Kabla! Ulikuwa unajuaje?"

Honi ikalia. Treni ikaondoka sijajibu.

Adela ni mzima. Mtoto ni wa kike, ana sauti ya kuamsha kijiji, na nimempakata mpaka mikono ikafa ganzi.

Stesheni wanasema Severini atapita tena hapa Alhamisi. Tangu nimekaa kwenye kigoda hiki najaribu kuliandika jibu lake, nafuta, naanza upya. Kulikuwa na mtetemo mdogo kwenye sakafu, unaingia kisiginoni kabla sauti haijafika popote. Sasa nauelezaje huo? Hauandikiki.

Alhamisi nitamwambia kwanza avue viatu.