Waache Wakuite Mvivu

Wambui, mwenye jina langu,

Hapa Ngoingwa tuko salama, na ng'ombe amezaa.

Unauliza kama kwetu kuna mwingine mwenye hiyo ADHD, hali ya akili isiyotulia, uliyokutwa nayo ukiwa mtu mzima. Mama yako, naona. Miaka ya tisini hakuna fundi kiwandani Ruiru aliyemshinda kushona mashati. Si nilimzaa mimi? Lakini akili ikiruka, shati lilitoka na mikono miwili ya kushoto. Wenzake wakamwita Mvivu. Akajikaza bila kupumzika, hadi asubuhi moja akashindwa hata kufunga vifungo vyake.

"Nifungie haraka, Mami, watanisema."

"Rudi ulale, mtoto wangu."

Akaenda hivyo hivyo.

Wewe daktari amekupa likizo upumzike, na unataka kurudi kazini Jumatatu ili wasikuseme. Waache waseme. Mama yako alirudi kazini asubuhi ile, lakini kicheko chake hakijarudi mpaka leo.

Shosho wako anayejivunia wewe