Resti na Kliniki ya Jumatano

Jumatatu, 9 Juni

Mazoezi. Ukungu mzito, baridi ya kukata masikio. Resti hakuja tena. Nimefika wa kwanza juu ya kilima, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu tuanze kukimbia pamoja shule ya msingi. Nilidhani ningefurahi. Nimefurahi kidogo, nisijidanganye, kisha nikachoka kufurahi peke yangu.

Resti akifika juu huwa anageuka na kushuka kumfuata anayetambaa nyuma. Bingwa wa mkoa mzima, anashuka kumfuata Anjela anayelia kichomi! Leo Anjela kapanda peke yake huku akimsema. Eti Resti ana maringo siku hizi. Kocha anasema ni uvivu wa likizo. Nimewakasirikia wote.

Jumatano, 11 Juni

Nimekwenda kwao. Saa sita mchana, yuko kitandani, kajifunika blanketi mpaka puani. Nywele hazijaguswa. Mahindi ya kupukuchua yamejaa sebuleni. Tangu mama yake afariki mwaka jana, Resti ndiye kapika, kafua, kasoma, kakimbia, na sote tukamsifu kwamba ni jasiri. Labda tulimsifu mno.

Nikamvalisha raba kwa nguvu, nikamtoa tukakimbie. Jasho litoke, akili ikae sawa. Ndiyo dawa ya wakimbiaji wote wa huku, hata ya jino. Tulipofika kwenye tangi la maji akakaa chini. Hakuwa anahema.

"Vero, sina panaponiuma," aliniambia. "Ila sitaki kuamka."

Nimekaa naye mpaka ng'ombe wakaanza kurudi.

Alhamisi, 12 Juni

Kijiji kizima kimekuwa daktari. Kocha kaleta maziwa na rozela ya kuongeza damu. Jirani anaapa kwamba kalogwa na wakimbiaji wa Mbulu. Shangazi yake anataka afunge na kuomba. Anjela anasema anazingua tu. Resti kanywa rozela ya kocha, kashukuru vizuri, karudi kulala.

Ijumaa, 13 Juni

Ninaogopa. Leo Resti amesema siku nyingine anatamani asiwepo. Kasema polepole, ananitazama usoni. Nikamwambia hili silibebi peke yangu, namwambia mama. Nilitegemea anifokee. Akasema, mwambie, na mimi nitamwambia baba.

Kumbe alikuwa ameshafikiria. Yule nesi aliyekuja shuleni kwetu alitueleza habari za sonona, ile huzuni nzito isiyoondoka, kwamba ni ugonjwa kama magonjwa mengine na unatibika. Siku ile darasa zima tulicheka na kugongana viwiko. Resti alikuwa anasikiliza.

Mama hakupiga kelele wala hakuuliza maswali mengi. Kachukua khanga na shuka lake la Kimasai, kaenda kulala na Resti. Nampenda sana mama yangu. Sijawahi kumwambia.

Jumapili, 15 Juni

Baada ya misa nimekwenda kwao Resti. Baba Resti alikuwa anakula. Resti alimnawisha mikono, akasubiri amalize, akasema: "Baba, nadhani nina sonona. Naomba unipeleke hospitali."

Hivyo hivyo, bila kuzunguka. Mimi nikitaka daftari kwa baba yangu napitia kwa mama.

"Humu ndani hakuna kichaa," baba yake alisema, akatoka kwenda zizini.

Resti hakulia. Aliondoa vyombo. Nilimwambia mzee amekataa, basi. Akasema hajakataa, amestuka, na kesho atamwambia tena. Huyu msichana kitandani hawezi kutoka, lakini hili kaliweza. Sijui nguvu anaitoa wapi.

Jumanne, 17 Juni

Kamwambia jana. Kamwambia leo. Anampelekea uji na kumwambia, "Baba, bado naumwa." Hapandishi sauti, hanuni. Mzee kila siku ana sababu. Watu watamwona. Benchi la kliniki liko njiani, kila anayepita anakodoa macho. Nani atamchumbia.

Jioni mzee kaja kwetu. Kasimama mlangoni na kofia mkononi, kaongea habari za ngano, za baridi, za bei ya vitunguu Mang'ola. Mama akamwacha aongee. Mwisho ndipo akauliza:

"Mama Vero, hiyo kliniki, mtoto anakwenda bila kula?"

Nimekimbilia jikoni kulia. Mama kamjibu kwamba ale tu, ashibe.

Jumatano, 18 Juni

Karatu mjini. Baba Resti alikaa mbali, chini ya ubao wa matangazo, kama mtu aliyekuja kwa shughuli nyingine. Resti alikaa katikati ya benchi amevaa jezi yetu ya bluu. Nilimwuliza kwa nini jezi, leo kati ya siku zote. Akasema ndiyo nguo yake nzuri.

Mama Anjela akapita. Lazima apite! Akauliza kulikoni. Nilishafungua mdomo niseme malaria.

"Nimekuja kliniki ya afya ya akili, mama. Shikamoo."

Mama Anjela aliitika marahaba na kukosa la kuongeza. Kwa mwanamke yule ni muujiza. Mimi nilitaka ardhi inimeze. Sasa ninapoandika najisikia fahari mpaka kifua kinauma.

Resti alikaa ndani muda mrefu. Akatoka amechoka sana. Nesi wa pale, anasema, hakumcheka, hakumhubiria. Alimwita na baba yake, akawaeleza wasimwache peke yake siku mbaya, na warudi kila Jumatano. Mzee aliitikia kwa kichwa tu.

Jumatatu, 23 Juni

Kaja mazoezini, kutazama tu. Anjela akasema, "Karibu, kichaa wetu." Wenzetu wawili wakacheka. Nilikunja ngumi. Resti akawaambia wote, kocha akiwepo, anachoumwa na anakotibiwa. Kisha akamwambia Anjela kwamba neno lile linamfanya mtu ajifiche ndani, na yeye alijificha kwa muda mrefu. Anjela akaangalia viatu vyake. Kocha akajikuna kisogo, akauliza kama rozela aendelee kuleta. Tukacheka, Resti naye. Kicheko chake nilikuwa nimekisahau.

Ijumaa, 27 Juni

Siku mbaya. Hakuamka. Nilidhani amepona! Mama anasema si homa ya siku moja. Tumepukuchua mahindi kando ya kitanda chake, mimi na Anjela.

Jumamosi, 28 Juni

Mashindano ya wilaya. Nimeshinda. Nimefurahi, naandika ukweli. Resti alikuwepo kwenye kamba ya mwisho wa mbio, kavaa koti la baba yake, ananipigia kelele kuliko mtu yeyote.

Jumatano, 2 Julai

Kliniki. Asubuhi jua lilitoka mapema. Resti aliingia, akatoka, akasema wiki hii analala vizuri kidogo. Tukawa tunaondoka.

Baba yake hakuinuka. Alikuwa anatazama mlango. Akamwuliza nesi, kwa sauti ndogo, kama watu wazima nao wanapokelewa, maana tangu mke wake afariki yeye halali. Nesi akamfungulia.

Tulimsubiri. Resti aliufuta uso wake kwa kiganja. Mzee alitoka macho mekundu, hakuyaficha. Resti akamwuliza kama amepewa siku ya kurudi.

"Jumatano," alisema. "Tutakuja wote."