Mishumaa Niliyotengeneza na Mke Mwenzangu

Mke mwenzangu mpendwa, Nasieku,

Tangu asubuhi nakaa nasimama, nakaa nasimama. Nimefagia ua uliokwisha kufagiwa. Nimekwenda mto Naura kuteka maji na huku mtungi wa jana bado umejaa. Kila akipita mtu anayetokea njia ya magharibi natoka mlangoni nimtazame anavyotembea, maana wewe nakujua kwa mwendo kabla sijaona uso. Si wewe. Narudi ndani. Mwishowe nimechukua kalamu ili angalau mkono upate kazi.

Najua hujui kusoma. Barua hii atakusomea mume wetu Athumani. Ndiyo, yuko nyumbani, amelala chumba cha pili sasa hivi ninapoandika. Habari yake nitaifikia. Niache kwanza nianzie mbali, kwa sababu nikianza na leo nitashindwa kumaliza.

Siku uliyoletwa nilikuwa nimekaa kizingitini na uso wangu umenuna, nawe uliuona. Mimi mtu wa Pangani, niliyemfuata mume bara kwa miguu hadi hapa chini ya boma la Wadachi, naletewa binti wa Kiarusha mwenye Kiswahili cha sokoni. Walikusilimisha wakakupa jina la Zainabu, nalo halikukaa. Ulinipa shikamoo, ukatazama ua wote, kisha ukaniuliza ng'ombe wetu wamekwenda kuchungwa wapi. Nikakujibu kwamba hatuna ng'ombe, tuna nta. Ukacheka ukidhani nakutania, mpaka nilipokufungulia ghala ukaona madonge ya nta yamepangwa ukutani kama mikate. Athumani alikuwa akiinunua kwa Wameru wenye mizinga kule msituni, Mhindi anaichukua na kuipeleka pwani, na huko meli zinaipakia. Ulinusa donge moja ukasema linanuka kama kwenu. Baba yako alikuwa na mizinga.

Kisha ikaja vita, na meli hazikuja tena. Nta ikabaki ghalani. Mafuta ya taa yakaadimika madukani, halafu yakaisha kabisa, na kibatari chetu kikawa kinakaa rafuni kama pambo. Watu wakawa wanakula kabla jua halijazama na kuingia ndani pamoja na kuku. Mwenye afya aliweza kuishi hivyo. Lakini mwenye mtoto mwenye homa, au mzazi aliyeshikwa na uchungu, alihangaika gizani akipapasa.

Athumani walimkuta barazani. Askari walikuwa wakikusanya wapagazi, na yeye alikuwa mwanamume mwenye miguu miwili na mgongo mzima, basi. Alipewa nafasi ya kufunga shuka yake tu. Alitutazama mimi na wewe tukiwa tumesimama kila mtu upande wake wa mlango, akasema, "Nta ni yenu wote wawili. Msiachane." Walipopotea kwenye kona ulikaa chini ukaniambia kwamba una mimba na hukuwahi kumwambia.

Sikumbuki ni nani kati yetu aliyetaja mshumaa kwanza. Mimi niliwahi kumshonea nguo mke wa Mdachi mmoja mwenye shamba kule Mto Usa, nikaiona mishumaa mezani kwake, myeupe, iliyonyooka. Niliijua sura yake tu. Wewe uliijua nta: namna ya kuichemsha pamoja na maji, kuichuja kwa kitambaa, kuiacha igande juu ya maji kisha kukwangua uchafu uliojishika chini yake. Tukaunganisha nilichokiona na ulichokijua, na bado mshumaa wa kwanza ulikuwa aibu. Utambi tuliutengeneza kwa nyuzi za mgomba. Ukatoa moshi, ukakohoa kama mzee, ukazimika. Tulicheka hadi ukashika tumbo, na hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka tangu Athumani aondoke.

Nikafumua nyuzi za pamba kwenye kaniki yangu kuukuu, nikazisuka kama ninavyomsuka binti yangu Rukia nywele. Utambi mnene ukawa unafuka moshi, mwembamba ukawa unazama ndani ya nta. Tulijaribu hadi tukapata wa kadiri. Tukazifunga tambi kwenye fito, tukawa tunazimiminia nta kwa kata ya kifuu niliyokuja nayo kutoka Pangani. Tunamimina, tunangoja ipoe, tunamimina tena, kisha tunauviringisha mshumaa juu ya ubao kwa viganja vilivyoloana ili unyooke. Wewe hukuwa na subira ya kungoja ipoe. Mimi sikuwa na subira ya kitu kingine chochote siku zile, ila kazi hiyo ilinituliza.

Nta ilipoanza kupungua tukachanganya na mafuta ya ng'ombe. Panya wakafurahi sana. Tuliamka tukakuta wameitafuna mishumaa na kutuachia tambi. Iliyosalia ikapinda kwa joto la jikoni kama mikia. Ndipo tulipohamishia yote kwenye chungu kikubwa chenye mfuniko, kona ya baridi mbali na meko, tumeilaza, na kati ya safu na safu tumeweka majani makavu ya mgomba. Tangu hapo haikupinda wala haikuliwa.

Sasa niseme habari ya moto, ingawa uliniambia nisiisimulie.

Ulikuwa mchana wa upepo, ule unaoshuka mlimani na kuingia kila tundu. Nta ilikuwa kwenye chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa cha maji, kama tulivyozoea, ili moto usiiguse. Chungu cha nje kikapasuka. Maji yakamwagika majivuni, na kabla hatujatambua, nta ikawa inachemka juu ya moto wenyewe. Ikashika. Ulimi wa moto ulipanda hadi nyasi za ukingo wa paa. Rukia alikuwa amekaa kando ya ukuta anachezea mabua ya mahindi. Jirani yetu Bi Tatu, aliyekuja kuomba kaa la moto, aliunyanyua mtungi mzima wa maji kwa nguvu zake zote ili ayamwage juu ya chungu.

Ulimdaka mkono. "Maji hapana," ulisema, wala hukupaza sauti. "Yataurusha moto kwa mtoto."

Ukaikimbilia ngozi ya ng'ombe uliyokuja nayo kutoka kwa mama yako, ile unayolalia, ukaitupa juu ya chungu na kuibana pembeni kwa viganja vyako. Mimi nilikuwa nimemtoa Rukia nje na kurudi na jembe, nikawa naziangusha nyasi zilizoshika, na Bi Tatu akizimwagia maji pale zilipoanguka. Moto ulikufa chini ya ngozi. Uliendelea kuibana hata nilipokuambia umekwisha, na ilibidi mimi mwenyewe niuondoe mkono wako, kidole kwa kidole.

Nilikaa nawe muda mrefu mkono wako ukiwa ndani ya maji baridi. Hukulia kwa mkono. Ulilia ulipoona ngozi imekunjamana na kutoboka katikati. Ukamtaja mama yako: "Yeyo ataniuliza iko wapi." Nikakuambia mkeka wangu ni mpana. Kuanzia siku hiyo tulilala mkeka mmoja, Rukia katikati yetu, na sikukaa tena kizingitini nimenuna.

Baada ya hapo ulikuwa mkali kuliko askari wa bomani. Nta ikawa haiyeyushwi ndani, ni uani tu, watoto mbali, shuka zimefungwa vizuri, mfuniko na kapu la mchanga viko karibu. Majirani walipokuja kuomba mshumaa kwa ajili ya mgonjwa, hukuwapa kabla hawajakusikiliza: uwekwe wima kwenye bakuli la udongo lenye mchanga, usisogezwe karibu na nyasi wala pazia, asilale mtu ukiwa unawaka. Mwanamke mmoja alisema ataupachika kwenye mdomo wa kibuyu. Uliunyang'anya ule mshumaa mkononi mwake, ukaushika hadi alipokwenda kwake na kurudi na bakuli. Alikasirika. Sijasikia nyumba yake kuungua.

Na siku uliyojifungua, Nasieku. Ilikuwa jioni ya mvua, wingu limeushika mlima wote hadi kwenye migomba yetu, na chumba kilikuwa cheusi. Bi Tatu alikuwa anakuzalisha, nami nimeshika mshumaa, nta inanidondokea vidoleni na siisikii. Ulikuwa umeng'ata shuka. Nilidhani hunioni kabisa. Katikati ya uchungu ukaitoa ile shuka mdomoni ukaniambia, "Dada, shusha mshumaa. Unakaribia nyasi." Bi Tatu alicheka na kulia kwa pamoja, na Lemayani akazaliwa wakati mkunga wake bado anacheka.

Mtoto alikuwa ameanza kula uji alipopita yule mpagazi aliyerudishwa kwa sababu ya ugonjwa wa macho. Tulimuuliza kama tulivyomuuliza kila mtu. Akasema Athumani wa Pangani amelala mgonjwa Ufiome, kwenye njia ya Kondoa, mguu umevimba, hana wa kumpa maji. Tuligombana jioni nzima nani aende. Mimi ndiye mkubwa, nilisema, na mume ni wangu kwanza. Wewe ulimaliza ugomvi kwa maneno machache: "Wewe unajua barua, mimi najua njia. Wamasai watanipitisha, wewe watakushangaa." Asubuhi ulimnyonyesha Lemayani mara ya mwisho, ukaniwekea mikononi akiwa amelala ili asikuone ukitoka. Nilikufungia mishumaa kwenye majani ya mgomba. Ulirudisha mingine, ukasema nyumba yenye watoto ina haja zaidi.

Mahindi tuliyoyapanda pamoja yamevunwa, na mengine yamepandwa. Halafu Athumani akaja.

Alikuja kwa njia ya Moshi, Nasieku. Upande mwingine kabisa. Nilimwona anaegemea fimbo, amekonda, nikamkimbilia nikitazama nyuma yake kama wewe unamfuata. Naye alikuwa anatazama nyuma yangu. Aliuliza, "Mwenzio yuko wapi?" Nilipomwambia alikaa chini pale pale barabarani. Alikuwa Ufiome kweli, lakini alipopata nafuu kidogo walimtwisha mzigo wakampeleka upande wa Kahe kabla hujafika. Mguu ulipovimba tena wakamwacha. Hajui kama mlipishana njiani au ulifika ukakuta kitanda kitupu. Nilimwonyesha Lemayani. Akambeba mpaka mtoto alipolala begani kwake.

Kwa mguu ule hawezi kwenda kukutafuta. Na hata kama angeweza kutembea, askari wangemkamata tena.

Watu wameanza kunishauri tukusomee hitima. Wanasema kwa wema. Bi Tatu alileta unga wa kupikia watu siku hiyo, nikamrudishia kwa upole, akaenda nao bila kuuliza. Athumani akisikia jina lako anageukia ukuta. Mimi nashindwa kukaa. Nikiwa jikoni nasikia hodi isiyokuwapo. Nikisali nakosea rakaa. Rukia ananiuliza kwa nini natembeatembea, namwambia natafuta sindano.

Jana wamefika wanawake wa Mbugwe na mizigo ya chumvi. Mmoja wao aliniambia kwamba kule kwao, penye kambi ya wapagazi, amemwona mwanamke wa Kiarusha anayewapikia watu uji na kumsimamisha kila mpagazi anayepita, akimuuliza habari za mtu wa Pangani. Nilimwuliza urefu wake, akauonyesha kwa mkono, na ulikuwa urefu wako. Alipoondoka yeye, bado ulikuwapo.

Kila mtu anasema vita inashuka kutoka Longido. Ikiishika njia ya Kondoa, hakuna atakayepita kwenda wala kurudi. Wale wanawake wanaondoka kesho alfajiri, nami natoka nao. Kimasai ulichonifundisha kinanitosha kuomba maji na kutaja jina lako. Athumani nimemweleza; atakaa na watoto, na Bi Tatu atawapikia. Akaniomba nimletee viatu vyangu akavitia kamba mpya.

Lakini yule mwanamke anaweza asiwe wewe. Na wewe unaweza kuwa tayari uko njiani, tukapishana kwenye vichaka mimi na wewe kama mlivyopishana na Athumani. Kwa hiyo naiacha barua hii mikononi mwake. Ukiingia kabla yangu, ujue Lemayani anaogopa jogoo, anapenda ndizi mbichi zilizopondwa, na kila jioni namtajia jina lako ili asilisahau. Mishumaa imo kwenye chungu kile kile. Rukia usimruhusu kuwasha peke yake, ingawa atakuambia nilimruhusu.

Nawe usitoke kunifuata. Hata ukiambiwa nimeonekana mahali fulani, hata ukiambiwa naumwa. Keti nyumbani na watoto, ule, ulale upande wako wa mkeka. Nikifika Mbugwe nikakukosa nitarudi mbio, na nataka nikirudi nikukute. Nimekungoja kiasi nilichoweza. Sasa ningoje wewe.

Ni mimi dada yako, mke mwenzio mkubwa,
mama yake Rukia, na mlezi wa Lemayani mpaka umpokee.