Wifi, Wanamuulizia Yule Mama wa Salamu

Mpendwa wifi yangu,

Umelala? Basi amka, maana umeniachia jambo nisilolielewa na hapa hakuna wa kunielewesha. Ulikuwa hivyo hivyo tangu nilipoolewa na kaka yako: unabandika makande jikoni, halafu unakwenda zako kwa jirani. Nani atakoroga? Mimi. Sasa umekufa, na sufuria bado iko motoni.

Jana Mheshimiwa alikuja hapa nyumbani. Alikuja kukutafuta wewe, akanikumbatia mimi.

Naandika kwa mkono wangu. Neema mjukuu wetu alitaka kuipiga barua hii kwenye kompyuta, nikamwambia wifi yangu anaujua mwandiko wangu wa darasa la pili, akiuona umenyooka kama wa benki atasema huyu si yeye. Nikimaliza ataibandika kule chini kwenye chumba cha mashine za kufulia, wapangaji wenzetu wasome. Kama kuna anayeelewa, agonge mlango wangu. Chai ipo. Na kwa sababu wengine hawakuwepo, naanza mwanzo. Usinikatize.

Unakumbuka mwaka jana, baridi ikielekea mwisho, tuliposikia mwenye nyumba anataka kuliuza jengo hili? Watu wote wa Temple Hills, mji wetu huu wa Marekani, walikuwa wanajua isipokuwa sisi tunaolala ndani yake. Tukakutana kule kule kwenye mashine za kufulia, na Mheshimiwa akaja, mbunge wetu wa jimbo, yule mama mrefu asiyekaa kwenye kiti akiletewa kiti. Alikaa juu ya mashine, miguu inaning'inia. Akasema yeye yumo kwenye kamati ya nyumba, kule Annapolis kwenye bunge la jimbo, na ameandika muswada: mwenye nyumba akitaka kuuza, awaambie wapangaji kwanza, na vyumba vingine vibaki kwa kodi anayoiweza mtu kama Eliamani mwanangu, anayeogesha wazee wa watu kutwa nzima. Lakini kamati inataka kuwasikia wenyewe. Nani atasema?

Neema hajamaliza kututafsiria, mkono wako uko juu. Nikauvuta chini.

"Wifi, hujui hata wanauliza nini!"

"Wanauliza nani ana mdomo," ukasema. "Mimi ninao."

Watani wetu Wachaga walizoea kutucheka sisi Wapare kwamba tunapenda kesi kuliko kula. Siku ile uliwapa haki yao.

Asubuhi ya safari tuligawana doti moja ya khanga, kipande chako na kipande changu, tukajifunga juu ya makoti, ili wajue tumetoka nyumba moja. Ndani ya basi la kanisa nikakufundisha njia nzima. Sema hita haipashi. Sema panya. Sema tukitolewa hapa hatuna pa kwenda. Halafu kaa. Ukawa unaitikia, "Sawa, mke wetu, sawa, mke wetu," ukitazama miti nje. Nilijua hunisikilizi.

Kile chumba nakiona mpaka leo. Wajumbe wamekaa juu kwa duara kama kwato, sisi chini. Mmoja anakula tofaa. Mmoja anaandika. Mmoja, baba mnene, ana mkono uliofungwa hogo la plasta na kuning'inizwa shingoni kwa kitambaa. Kwenye meza ya msemaji kuna taa tatu kama za barabarani: ya kijani sema, ya njano malizia, nyekundu nyamaza. Mchungaji wetu alisema vizuri, akamaliza kwenye njano. Wakili wa wapangaji alisema vizuri zaidi. Ukaitwa wewe, Neema akasimama kando yako atafsiri.

Ukanyamaza.

Taa ya kijani inawaka, wewe kimya! Nilidhani umepatwa na kiharusi. Kumbe unangoja wakuamkie. Wote pale ni wadogo kwako, kwa hiyo unangoja shikamoo! Neema akakunong'oneza, nawe ukasema kwa sauti, "Haya, kama hawaniamkii, nitawaamkia mimi. Hamjambo wanangu?"

Hapo ungeweza kuingia kwenye hita. Lakini wapi. Ukaanza na wa kwanza kushoto. Habari za nyumbani, watoto hawajambo, mama mzazi yupo? Ukamngoja ajibu! Yule wa tofaa akalificha chini ya karatasi, ukamwambia, "Kula baba, kusikiliza watu kutwa ni kazi ya njaa." Watu wakacheka. Neema masikio yamemwiva. Taa ikawa njano, nikanyoosha mkono kutoka kiti cha nyuma yako, nikakufinya kwenye nyonga.

"Wifi niache, sijamaliza upande huu!"

Ukamfikia yule wa mkono. "Pole sana, baba. Umeanguka? Na nani anakupikia, na mkono wenyewe ndio wa kulia?"

Taa nyekundu. Mwenyekiti akagonga meza, akakushukuru, akamwita mwingine. Ukarudi kukaa umependeza kama mama wa bwana harusi. Hita hukuitaja. Panya hukumtaja. Nyumba yenyewe hukuitaja.

Nilikusema ndani ya basi mpaka dereva akazima redio apate kusikia. Nikasema tumepewa nafasi moja na wewe umekwenda kufanya sherehe. Nikasema ulivyo ndivyo ulivyo. Wewe ukatafuna karanga zako, ukaniambia neno moja tu: "Mtu hujui kama nyumbani kwake wamelala salama, utaanzaje kumwomba nyumba?"

Nilikasirika mpaka tulipofika.

Halafu hayo ya kamati. Wifi, mimi nimekaa kwenye mabaraza kwetu Same tangu msichana. Kesi ya mpaka, kesi ya mfereji wa maji, kesi ya mbuzi aliyekula mahindi. Kesi ina aliyeshinda na aliyeshindwa, na aliyeshindwa hukuangalia vibaya sokoni mpaka azeeke. Hapo naelewa. Lakini Mheshimiwa alikuja mwezi wa nne akasema muswada haukupita. Nikauliza, nani kaukataa? Akasema hakuna aliyeukataa. Basi umekubaliwa? Haukukubaliwa. Uko wapi? Umebaki kwenye kamati. Nikamwambia Neema amuulize tena, labda ametafsiri vibaya. Akamuuliza tena. Umebaki kwenye kamati.

Wewe ulicheka. "Kama mimi hapa sebuleni," ukasema. "Sijakaribishwa, sijafukuzwa."

Yule Mkenya wa ghorofa ya chini, Mama Kamau, alituambia, "Shosho, hao wanawazungusha tu." Labda. Lakini kwa nini walitabasamu? Mtu anayekuzungusha kwetu hatabasamu vile. Walitushika mikono, mmoja mmoja, mlangoni. Nilishikwa mkono na watu ambao sijui kama ni adui zangu.

Nikasema mwaka ukigeuka tutarudi, na safari hii nitasema mimi. Dakika zile ninaziweza. Hita, panya, hatuna pa kwenda, nakaa.

Majani yakaanza kudondoka, nawe asubuhi moja hukuamka. Eliamani alikupeleka nyumbani Same, mimi nikabaki na watoto. Walikuzika na kipande chako cha khanga, ameniambia. Udongo sikukutupia. Hilo nalo silielewi: mtu nimelala naye chumba kimoja miaka yote ile, nimemzika kwa simu. Kitanda chako bado kipo pale. Kila Jumamosi nabadilisha shuka. Neema ananiuliza, "Bibi, why?" Namwambia fungua mlango upitishe hewa.

Sasa ya jana. Mheshimiwa amebisha, nimefungua, amenifunika na koti lake lote. Anaongea haraka haraka. Neema ananitafsiria, uso umebadilika. Anasema muswada umerudi kwenye kamati ile ile. Jengo hili limepata mnunuzi, na muswada usipopita safari hii, kiangazi kikifika tunahamishwa. Mimi nitapelekwa Herndon, jimbo la jirani, kwa mdogo wake Eliamani, nikalale kwenye kochi, na kitanda chako sijui. Mheshimiwa anasema kesho kutwa kuna kikao, na wajumbe wamemwuliza, yule mama wa salamu atakuja? Yule baba wa mkono amemsimamisha koridoni akamwambia, mlete, nina jibu lake. Halafu Mheshimiwa akanishika mabega akasema, "Wewe!"

Doti moja ya khanga, wifi. Ametuchanganya.

Neema akafungua mdomo amwambie. Nikamshika mkono, subiri. Mheshimiwa akanywa chai, akaenda zake akiwa na furaha. Tangu hapo nazunguka humu ndani kama kuku.

Nieleze. Mchungaji alisema vizuri, hakuna aliyemwulizia. Wakili alileta makaratasi, hakuna aliyemwulizia. Wewe hukutaja hata mlango wa nyumba hii, na wewe ndiye wanayekutaka. Kwa hiyo nilikusema bure? Au wao ndio hawana akili? Na kama salamu zako zilikuwa tamu hivyo, mbona muswada ulibaki pale pale? Nikikuona wewe ndiye mwenye haki, nakasirika. Nikiona mimi ndiye mwenye haki, naona aibu.

Na nikienda, niende kama nani? Nikijifanya wewe, nimeiba mdomo wako. Nikisema umekufa, itabidi watoe pole, na mtu hawezi kuanza kusema habari za panya pole haijaisha. Taa itawaka nyekundu na nyumba itaondoka. Neema anasema, "Bibi, just tell them the truth, mimi nitasema ya hita." Ana miaka kumi na saba. Kwenye shuka zake bado kuna vipepeo. Nimemwambia sijui. Sijui! Mimi, ambaye hujawahi kunisikia nikisema hivyo, na najua huko uliko unacheka.

Lakini asubuhi hii nimemwita, nikamwambia awaulize ofisini kwa Mheshimiwa watoto wa wale wajumbe wanaitwa nani. Akaniangalia kama nimeugua. Nikamwambia uliza tu.

Nimekitoa kipande changu cha khanga, nimekipiga pasi. Nitakwenda nacho. Ya hita na panya atasema Neema, ana Kiingereza chake na hasira zangu. Mimi nitasimama kwanza. Nitawaambia kwamba aliyewasalimia amefariki, na mimi ni wifi yake, yule aliyekuwa anamfinya. Wakitoa pole nitaipokea, taa iwake isiwake.

Halafu nitamgeukia yule baba. Ulimwuliza nani anampikia, taa ikawaka hajajibu. Mwaka mzima amekaa na jibu lako. Nitamwambia alitoe, nami nitakuletea. Kama chumba hiki kitakuwa bado chetu, nitakaa kitandani kwako nikusimulie. Kama hakitakuwa chetu, utanisikia kwenye kochi la Herndon, na utaacha kulalamika kwamba ni mbali.

Shuka nimebadilisha. Pumzika sasa, nimemaliza kukusema kwa leo.

Ni mimi,
mke wa kaka yako, yule anayefinya