Mstari Mwekundu wa Avenyu

Papa Wilondja,

Nianze na lawama, maana najua ungeshangaa nikianza na salamu. Ile rangi ya bluu uliyoipaka nyuma ya herufi kwenye kibao cha Mama Sifa imepauka yote, na yeye ananilaumu mimi. Nimemwambia akulaumu wewe, kwa kuwa ndiwe uliyeizimua kwa mafuta ya taa ili itoshe vibao vitatu. Akacheka mpaka akakaa chini, halafu akalia kidogo, halafu akanipa mandazi mawili. Basi hayo ndiyo mambo ya huku siku hizi.

Sijui barua ya namna hii hupelekwa vipi. Nitakuja kuisoma pale kaburini Jumapili baada ya ibada, kwa sauti ndogo, ili majirani zako wapya wasijue habari zetu zote.

Kwanza kiatu. Siku tuliyokuzika mvua ilikuwa inanyesha, unakumbuka, au pengine hukumbuki. Jado kinyozi alikuwa mmoja wa waliofukia, na tope likamvua kiatu cha kulia. Alikitafuta kwa mguu, kwa mkono, kwa mti, hakukipata. Alirudi nyumbani kwa heshima zote akiwa na kiatu kimoja. Ukikiona huko, ni chake.

Siku ile tulifunga milango yote ya Avenyu. Ilikuwa haki yako. Nilipofika katika kambi hii ya wakimbizi ya Dzaleka kutoka kwetu Uvira, hapakuwa na kitu cha kuitwa mtaa. Watu walitandika magunia chini kati ya ukuta wa gereza la zamani na bomba la maji, huyu na chumvi, yule na nyanya, na kila mmoja alikuwa na uso wa mtu anayeondoka kesho. Wewe ukamchorea Mama Sifa kibao kabla hajawa hata na meza. Alikuuliza atakitundika wapi. Ukamjibu kwa ile lahaja yako ya mji wa Baraka: "Weka kibao kwanza, bintu bitakuja." Na kweli, alijenga ukuta ili kibao kipate pa kukaa. Papa Shabani muuza sabuni na chumvi akaona, naye akataka chake. Tulipofika milango kumi na minne ukaanza kuita njia ile Avenyu, sisi tukakucheka, na baada ya wiki mbili hata watu wa kijijini walikuwa wanaelekezana hivyo.

Na nakumbuka ulivyonifundisha. Ulipoona nashika burashi kwa mkono wa kushoto, wazee walikuambia unifukuze, ni mkosi. Ukasema ukuta haujawahi kuuliza. Nakumbuka zaidi siku ile niliyojifanya mjuzi nikapaka mstari mwekundu kuzunguka kibao cha Jado, siku mbili kabla hajafungua. Ulinipa kipande cha chupa, ukaniambia nikwangue wote. Nilikwangua mchana kutwa nikikutukana kimoyomoyo. Mstari mwekundu, ulisema, unapakwa siku ya kufungua tu, mwenye duka amesimama mlangoni na watu wanatazama, kwa sababu unamaanisha huyu mtu yupo. Kabla ya hapo kibao ni ubao tu.

Ndiyo maana chako hakikuwa nao. Kila mtu alijua. Kibao cha karakana yetu kilikuwa kizuri kuliko vyote, herufi za bluu zenye kivuli cha njano, na pembeni peupe patupu. Nilipokuuliza ulisema wewe hujafungua hapa, wewe unapita, vita vikiisha unarudi kwenu. Ulipita hapa miaka mitatu, Papa, ukila mandazi kila asubuhi.

Turudi kwenye kufunga. Nilifunga karakana kwa kufuli lako, nikavaa ufunguo shingoni kwa uzi, nikajifunga kitenge cheusi. Nilidhani ni siku chache. Ikapita wiki. Ukapita mwezi. Hakuna aliyefungua.

Usicheke bado. Mama Sifa akawa anakaanga mandazi nyumbani nyuma ya pazia, anamuuzia anayejua njia. Papa Shabani, mtu mzima wa Kindu ambaye hachoki kutusimulia duka la baba yake, akawa anatembeza sabuni na chumvi ndani ya beseni, amelifunika kwa kanga ya mkewe ili asionekane. Jado alinyolea watu kwenye uchochoro nyuma ya choo cha shule. Wanunuzi wakachoka kutafutana nasi, wakazoea kwenda mpaka mji wa Dowa hata kwa kiberiti. Na Avenyu yenyewe ikaota majani. Mbuzi wa kijijini wakahamia barazani kwa Papa Shabani, wakakaa pale wakicheua kama wenye mali. Mvua ikala kuta kwa chini, ukuta mmoja ukaanguka. Vibao vyako vilikuwa bado vinasomeka vizuri, KINYOZI WA KISASA, MANDAZI YA MOTO, juu ya milango iliyofungwa. Nilikuwa nikienda bombani nainamisha kichwa ili nisivisome.

Mvua zilipoisha akaja bwana mmoja wa ofisi ya kambi na daftari lake, akapima njia yetu kwa hatua. Akasema mabanda yasiyotumika yatabomolewa mwisho wa mwezi na matofali yajengewe ghala. Anayetaka kuuza akakae getini na gunia lake. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anaona majengo matupu, nayo yalikuwa matupu kweli.

Nikuambie ukweli, sikumpinga. Wiki hiyohiyo nilikuwa nimepata salamu kutoka kwa mwenye karakana ya vibao kule Lilongwe, kwamba anataka mtu wa kuandika herufi. Nilifurahi kupata sababu ya kuondoka. Nikaomba karatasi ya ruhusa, nikapanda minibasi, tukapita Lumbadzi, na sikugeuka nyuma hata mara moja.

Mjini nilishuka karibu na ile saluni tuliyoichora pamoja, wewe na mimi, wakati ule. Unaijua, ile ya kichwa chenye masikio makubwa. Mwenyewe alikulalamikia siku ile kwamba hakuna mtu mwenye masikio hayo, nawe ukamwambia asubiri. Papa, masikio yapo. Watu bado wanasimama kuyacheka, halafu wanaingia kunyolewa. Mwenye saluni alinitambua kwa mkono wangu wa kushoto nilipomsalimia, akauliza mzee yuko wapi. Nilipomwambia alivua kofia, akasema "zikomo", asante kwa lugha yao, kwa sauti ya chini, kama vile umemfanyia jambo saa hiyohiyo.

Halafu nikaona mstari mwekundu. Ulikuwa mpya. Mnene huku, mwembamba kule, umepakwa na mtu asiyejua kushika burashi. Nikamuuliza nani kafanya ubaya huo. Akasema ni yeye mwenyewe, kila mwaka, kwa sababu ulimwambia mchoraji anaupaka mara moja tu, baada ya hapo ni kazi ya mwenye mlango. Mimi hukuniambia hayo. Nilisimama pale barabarani na kifurushi changu cha nguo, watu wananipita, nikajiona mjinga. Sikuenda kwa yule mwenye karakana. Nilienda duka la rangi, nikanunua kopo la nyekundu, nikarudi kwa minibasi ya mchana.

Sasa sikiliza upumbavu wetu. Nilianza kwa Mama Sifa, nikamuuliza kwa nini hafungui. Akasema anamheshimu Papa Shabani, maana Waislamu wana arobaini yao, na ingekuwa aibu Mkristo kufungua kabla ya Mwislamu kumaliza. Arobaini ilikuwa imepita zamani. Nikamuuliza kama amewahi kumwuliza. Hapana, kitu kama hicho hakiulizwi. Nikaenda kwa Papa Shabani. Akaniambia yeye siku zake zilikwisha mapema sana, dini yake haina neno, ila anawangoja ndugu zako wa Fizi, kwa sababu amesikia kwenu matanga yanaondolewa na mtu wa damu, na mdogo wako yuko Baraka, na barabara zimefungwa na vita. Jado, yeye Mrundi, alikuwa anawangoja wote wawili, na pia alikuwa anangoja kiatu.

Hasira zilinipanda. Niliwakusanya wote nyuma ya pazia la Mama Sifa, kwenye moshi wa mafuta, nikawasema vibaya. Niliwaambia mbuzi wana akili kuliko sisi, maana wao angalau wamefungua. Niliwauliza, basi mnamngoja nani?

Mama Sifa akageuza mandazi ambayo hayakuhitaji kugeuzwa. Mwisho Papa Shabani akatazama ufunguo shingoni mwangu, akasema polepole: "Mama Esperansi, siye tulikuwa tunaangalia mulango yako. Wee njo mutoto wa Papa Wilondja hapa. Tulisema, siku atafungua, na siye tutafungua."

Papa, mimi nilikuwa nasema nimefunga kwa sababu wao wamefunga.

Lakini hata hilo halikuwa kweli, na kwa kuwa huwezi tena kunijibu nitakuambia lililo kweli. Nilijua ndani mna koti lako kwenye msumari na harufu yako ya mafuta ya taa. Kufuli likiwa mlangoni, ningeweza kusema umechelewa tu, kama kawaida yako, uko kwa Mama Sifa unamaliza chai. Nikifungua, hutakuwemo. Mtaa mzima ulikuwa unakufa ili mimi nisione koti kwenye msumari. Nililia pale mbele yao kwa kelele, bila adabu, na Jado akanishikia sahani yangu ya mandazi.

Asubuhi yake nilifungua. Koti lilikuwepo. Nilikaa nalo kidogo, halafu nikaona ile burashi yako kubwa umeisahau ndani ya kopo, imekauka imekuwa kijiti. Kosa ambalo mimi ungenifukuzia kazi! Nilikugombeza kwa sauti mpaka Mama Sifa akaja kuangalia nazungumza na nani. Nilipotoka nje, milango mitatu ilikuwa wazi tayari.

Tulikuwa na siku tisa. Jado alifyeka majani, wanaume wakapiga udongo, wanawake wakachota maji, na wenye mbuzi wakaja kuchukua mbuzi wao, wakabaki kutusaidia kusimamisha ukuta, kwa sababu nao walichoka kwenda Dowa. Mama mmoja wa kijijini akauliza kama anaweza kupata mlango auze mboga zake. Sasa milango ni kumi na mitano. Mimi nilisugua vibao, nikarudishia herufi zilizofifia, na pembeni nikakwangua mistari ya zamani nikaacha weupe kama ulivyonifundisha. Siku ya kufungua nilipita mlango kwa mlango na kopo langu. Nilimpa kila mwenye duka burashi, apake mwenyewe kipande kidogo cha mstari, mimi nikamalizia. Papa Shabani alipomaliza aliwageuzia watu mgongo, akasema ni jua. Watu walipiga vigelegele kila mlango, na kila mlango walinunua kitu, hata asiyehitaji chumvi alibeba chumvi.

Yule bwana wa daftari alikuja mwisho wa mwezi kama alivyosema. Alitembea Avenyu kwenda na kurudi. Jado akamwita, akamnyoa, Mama Sifa akamlisha, na alipoondoka aliandika jambo kwenye daftari akalifunga. Siku ya tatu akaja kuomba kibao cha ofisi yake. Nimemchorea kizuri. Lakini mstari mwekundu bado sijampakia, nimemwambia nitaupaka siku watakapofungua kwa wakati. Tunangoja.

Limebaki jambo moja, na ndilo nililokuja kukuambia. Watu walipokwisha kushangilia mlango wa mwisho, wote wakageuka kunitazama, mimi na kibao chako. Nilijua ulivyotaka kibaki, nami nilikuwa nimekiheshimu hivyo. Ila nilikumbuka uliyonifundisha, kwamba mstari ule unamaanisha huyu mtu yupo. Na wewe ulikuwepo, Papa. Ulikuwepo hapa kuliko sisi sote. Nikapanda kwenye kiti cha Jado nikapaka, kwa mkono wangu wa kushoto, pande zote nne, na sikuona vizuri kwa machozi.

Lala vizuri, mzee wangu. Redio bado inasema habari za kwetu, mara watu wanapatana, mara wamekosana tena. Siku barabara zitakapofunguka nitakibandua kibao hiki, nikifunge kwa kitenge, nikipeleke mpaka Baraka kwa mkono wangu, nikipigilie misumari juu ya mlango wa mdogo wako. Nimeahidi mbele ya Mama Sifa, kwa hiyo hakuna kukwepa. Mpaka siku hiyo kinakaa hapa, na mlango ulio chini yake unafunguliwa kila asubuhi.

Kona ya chini, upande wa kulia, mstari umepinda. Nimeuona. Sitaugusa. Kama unakuuma, kipande cha chupa kiko dirishani, njoo ukwangue mwenyewe.

Mwanao wa mkono wa kushoto,
Esperansi